Nia na Ulimi: Jinsi Waingereza Wanavyotaja Fikira na Makusudi Yao

1. Lugha ya kitabu na lugha ya kinywa

Mtu aliyejifunza lugha ya kigeni kwa kitabu peke yake ni kama mtu aliyejifunza kuogelea juu ya mkeka. Mikono yake yaenda vizuri, na miguu yake yaenda vizuri. Lakini siku atakapotiwa majini ndipo atakapojua kwamba bahari si mkeka. Maana kila lugha ina maneno ambayo hubadilika maana yakitamkwa nyumbani, sokoni au kazini.

Kiswahili nacho kina maneno ya namna hiyo. Mgeni ameketi barazani pamoja na mwenyeji wake. Mara mwenyeji ainuka, asema, "Nakuja," kisha aenda zake. Mgeni ashangaa, kwa sababu kitabu chake chasema kwamba kuja ni kusogea karibu, na mtu huyu anakwenda mbali. Mswahili hashangai. Ajua kwamba neno lile halitaji miguu ya msemaji, bali lataja nia yake, yaani, "Naondoka kidogo, nitarudi, ningoje." Vivyo hivyo mpita njia akiwakuta watu wanakula, huambiwa, "Karibu," naye hujibu, "Starehe," akapita. Hakuna aliyesema uongo hapo. Mmoja ameonyesha ukarimu, na mwingine ameonyesha kwamba hataki kuwasumbua.

Kiingereza kimejaa maneno kama hayo, hasa katika mambo mawili: mtu anapotaja anayofikiri, na mtu anapotaja anayokusudia kutenda. Katika mambo hayo Waingereza wengi hawapendi kusema kwa ukali wala kwa unyofu mtupu. Huzungusha maneno, huyapunguza nguvu, na huyafupisha. Asiyeijua desturi hiyo aweza kuwa amehifadhi maneno mengi sana, na bado akakosa kazi au rafiki kwa kutoelewa sentensi moja fupi. Nyakati nyingine, kama itakavyoonekana mbele, hata maisha ya watu yameingia hatarini.

2. Maneno ya kutaja fikira

Neno la kwanza ni "I think", maana yake "nafikiri". Mwanafunzi huliona jepesi, lakini katika mazungumzo lina kazi zaidi ya moja. Pengine msemaji ataka kweli kueleza fikira yake. Mara nyingi, hata hivyo, aliweka neno hilo mbele ya sentensi ili sentensi isiwe na makali. Mwalimu akimwambia mwanafunzi, "I think you have made a mistake here," hana shaka yo yote juu ya kosa. Ameliona kwa macho yake. Asema "nafikiri" ili mwanafunzi asiaibike. Mwanafunzi akijibu, "La, bwana, wafikiri tu, huna hakika," amekosa mara mbili: katika hesabu yake na katika adabu.

Sauti nayo ina kazi yake. Mwingereza akisema "I think he is at home" na kulikaza neno "think", aonyesha kwamba ana shaka. Akilipitia upesi bila kulikaza, basi shaka yake ni ndogo au haipo. Kitabu hakiwezi kuonyesha jambo hili vizuri. Sikio ndilo linalojifunza.

Maneno ya fikira yamepangwa kama vidato vya ngazi. Juu kabisa pana "I know", yaani najua, na "I'm sure", yaani nina hakika. Chini yake pana "I think". Chini zaidi pana "I suppose", ambalo mara nyingi huonyesha kwamba msemaji akubali jambo, lakini moyo wake hauna furaha nalo. Mama akimwomba mtoto ruhusa ya kumtuma dukani, na mtoto akajibu "I suppose so," mtoto atakwenda, lakini atakwenda akiburuta miguu. Kisha kuna "I dare say". Mwenye kulifasiri neno kwa neno atasema, "Nathubutu kusema," akadhani kwamba msemaji ni shujaa. Kumbe maana yake ni "huenda" au "yamkini".

Neno "I guess" lina historia yake. Maana yake ya asili ni kukisia. Chaucer, mshairi mkubwa wa Uingereza aliyekufa mwaka wa 1400, alilitumia katika mashairi yake kwa maana iliyo karibu na "nadhani". Waingereza waliohamia Marekani katika karne ya 17 walikwenda nalo, likashika mizizi kule. Baadaye Waingereza wengi waliobaki kwao walipolisikia waliliona kuwa neno la Kimarekani, wakalicheka. Walikuwa wamesahau kwamba lilitoka katika nyumba yao wenyewe.

Kuna pia "I'm afraid". Maana yake ya kitabu ni "naogopa". Lakini mtu akienda ofisini kumtafuta mkubwa, akaambiwa, "I'm afraid he is out," hakuna aliyeogopa kitu. Msemaji ampa habari isiyopendeza, na kwa neno lile amempa pole kabla ya habari yenyewe.

Jambo jingine ni kukana. Kwa hesabu ya akili, mtu angesema, "Nafikiri hatakuja." Lakini Mwingereza husema, "I don't think he is coming," yaani aikana fikira, si kuja. Mswahili hana haja ya kulishangaa hilo, kwa maana yeye mwenyewe husema, "Sidhani kama atakuja." Hapa lugha hizi mbili, zisizo na udugu wo wote, zimepita njia moja.

Tena, Mwingereza hupenda kuirudisha nyuma fikira ya sasa, kana kwamba ilikuwa ya jana. Husema, "I was wondering if you could help me," au "I thought I'd go to town tomorrow." Katika sentensi ya pili mwanafunzi huona neno la wakati uliopita na neno la kesho yamekaa pamoja, akadhani ni kosa. Si kosa. Fikira ikisemwa kuwa ya zamani huwa haimbani anayeisikia. Aweza kuikataa bila kumvunjia heshima msemaji. Na Mswahili aingiaye nyumbani kwa mkubwa husema, "Nilitaka kukuuliza jambo," ingawa bado anataka, wala hajaacha kutaka.

3. Maneno ya kutaja makusudi

Kiingereza hakina silabi moja ya wakati ujao kama "-ta-" ya Kiswahili. Kina maneno kadha wa kadha, na kila moja lilikuwa na maana yake kabla ya kuingia katika kazi hiyo.

Neno "will" hapo kale lilikuwa na maana ya kutaka. Mpaka leo hati ya wosia huitwa kwa neno hilo hilo, kwa kuwa yataja anayotaka marehemu. Basi aliyesema "I will go" katika Kiingereza cha kale alisema "nataka kwenda". Polepole kutaka kukawa wakati ujao. Mwanafunzi wa Kiswahili atalielewa jambo hili upesi, kwani katika lugha yake limetukia vilevile. Wataalamu wa lugha waeleza kwamba "-ta-" katika "atakuja" imetokana na neno "taka". Ushahidi wake wasikika kila siku: mtu asemapo "atakayekuja", neno "taka" latokea zima, kama mzizi uliofunuliwa na mvua.

Neno "shall" lilikuwa na maana nyingine kabisa. Kale maana yake ilikuwa kuwiwa, yaani kuwa na deni. Neno la Kijerumani lililo na udugu nalo, "Schuld", hata leo lina maana ya deni na tena ya hatia. Basi "I shall go" ilikuwa kama kusema, "Ninawiwa kwenda, yanipasa." Hapo kutaka na kuwiwa yakawa maneno mawili yanayogombea kiti kimoja.

Mwaka wa 1653 John Wallis, mtaalamu mkubwa wa hesabu, alitoa kitabu cha sarufi ya Kiingereza kilichoandikwa kwa Kilatini, ili wageni wapate kujifunza. Humo aliweka kanuni ya maneno hayo mawili. Mtu akijisema mwenyewe, "shall" hutabiri tu litakalokuwa, na "will" huahidi au hutisha. Mtu akimsemea mwingine, mambo hugeuka: "will" hutabiri tu, na "shall" huahidi au hutisha. Kanuni hiyo ilifundishwa shuleni kwa miaka mingi sana, nao walimu walipenda kuifundisha kwa hadithi ya mgeni aliyeanguka mtoni. Yule mgeni alitaka kusema, "Nitakufa maji, na hakuna atakayeniokoa." Lakini aliyageuza maneno, akapiga kelele, "I will drown, and nobody shall save me!" Waingereza waliosimama ukingoni, watu wa kushika sarufi, wakasikia, "Nimeazimia kuzama, wala mtu asithubutu kuniokoa." Wakaivua kofia kwa heshima, wakamwacha afuate azimio lake.

Hadithi hiyo ni ya kuchekesha tu, wala kanuni yenyewe haikushikwa na watu wote. Katika mazungumzo ya leo wengi husema "I'll", na ufupisho huo wafaa kwa maneno yote mawili. Lakini "shall" limebaki mahali pamoja penye faida kubwa, yaani katika kuuliza: "Shall I close the door?" Maana yake, "Je, nifunge mlango?" Swali hilo fupi lafaa kukumbukwa, kwa sababu litarudi tena katika somo hili.

Neno la tatu ni "going to". Mwanzoni lilitaja safari ya kweli. Mtu alisema "I am going to buy bread" huku yu njiani kwenda kununua mkate. Lakini kila aendaye mahali kwa kazi ana kusudi moyoni, na kidogo kidogo watu wakalisikia kusudi kuliko mwendo. Katika mwaka wa 1646 Joshua Poole alilitaja neno hilo katika kitabu chake cha sarufi kuwa ni alama ya wakati ujao. Leo Mwingereza husema, "It is going to rain," ingawa mvua haina miguu wala haina safari. Na katika kusema upesi, maneno hayo hukatwa yakawa "gonna". Neno hilo husikika vinywani mwa watu wengi, lakini halifai katika barua ya kuomba kazi wala katika karatasi ya mtihani.

Je, njia hizi zatofautianaje? Kengele ya mlango ikilia, na mtu akasema, "I'll go," ameamua wakati ule ule. Akisema, "I'm going to learn carpentry," alikwisha kukusudia kabla ya kusema. Akisema, "I'm meeting him on Friday," jambo limekwisha kupangwa na mtu wa pili, na siku imewekwa. Kwa hiyo mwenye kusikiliza vizuri aweza kupima jinsi kusudi lilivyokomaa: la kwanza ni chipukizi, la pili ni mti, la tatu limekwisha kuzaa.

Upande mwingine yapo makusudi yasiyokomaa. "I'm thinking of going" maana yake ni kwamba shauri bado lazunguka moyoni. "I might go" maana yake labda atakwenda, labda hatakwenda. Na "I was going to write to you" ni kusudi lililokufa: alikuwa na nia ya kuandika barua, lakini hakuiandika. Aghalabu nyuma ya maneno hayo hufuata udhuru.

4. Amri iliyovaa nguo za fikira

Ufuatao ni mfano wa kufundishia. Karani kijana alikuwa akifanya kazi katika ghala karibu na bandari. Mkubwa wake alikuwa Mwingereza mpole, asiyepaza sauti. Asubuhi moja wingu lilikuwa limetanda upande wa bahari. Mkubwa akapita, akayatazama magunia ya sukari yaliyopangwa uani, akasema, "I think we might have those sacks moved before the rain." Kijana akaifasiri sentensi moyoni mwake: "Nafikiri huenda tungeyahamisha magunia yale kabla ya mvua." Akaona ni fikira nzuri. Akajibu kwa adabu, "Yes, sir," akaendelea kuandika daftari yake.

Saa nane mvua ikanyesha. Magunia yakalowa, na sukari ikaanza kuyeyuka. Mkubwa alipoona, uso wake ukawa mwekundu. Akamwambia kijana kwamba alimwamuru tangu asubuhi, naye amekaidi. Kijana akatoka nje na huzuni kubwa, akamwendea karani mkuu, mzee aliyekuwa amefanya kazi pale miaka mingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana?"

"Mzee, nimeambiwa mimi ni mkaidi, nami sikukaidi. Bwana hakuniamuru neno. Alinieleza fikira zake tu, nami nikamwitikia."

"Alisemaje hasa? Nipe maneno yake, usinipe tafsiri yako."

Kijana akayarudia maneno yale kama yalivyokuwa. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, hiyo ndiyo amri yenyewe. Imevaa nguo za fikira ili isikuumize. Mkubwa akitaja fikira yake juu ya kazi iliyo mikononi mwako, ujue kwamba kuitenda ni juu yako. Na hilo si geni kwetu. Bibi yako akisema, 'Naona mtungi umekauka leo,' je, utamjibu, 'Naam, bibi, umekauka,' kisha ukae?"

Kijana akacheka ingawa alikuwa na huzuni. "La, mzee. Nitatwaa ndoo niende kisimani."

"Basi wewe wajua tayari. Ulilolijua kwa bibi yako ulilisahau mbele ya Kiingereza. Hata hivyo kosa si lako peke yako. Angalikuambia wazi, magunia yangalikuwa makavu. Lakini huwezi kuutengeneza ulimi wake. Waweza kulitengeneza sikio lako."

"Na nikiwa sina hakika kama ni amri au ni mazungumzo tu?"

"Uliza. Sema, 'Shall I move them now, sir?' Swali hilo halina aibu. Kama ni amri, atasema ndiyo. Kama ni fikira tu, atasema ngoja. Pumzi moja ya kuuliza ingaliokoa sukari yote ile."

Kesho yake kijana alimwendea mkubwa wake, akamweleza jinsi alivyoyaelewa maneno yake. Mkubwa akanyamaza kidogo, kisha akakubali kwamba hakusema wazi. Tangu siku ile mmoja alijifunza kuuliza, na mwingine alijifunza kuyanyosha maneno yake.

5. Maneno laini na mambo mazito

Mtu aweza kusema, "Hasara ya sukari ni ndogo." Lakini historia yaonyesha kwamba kutoelewana kwa namna hiyo kwaweza kuleta hasara kubwa zaidi, hata kati ya watu waliozaliwa katika lugha hiyo.

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, majeshi mawili yalikutana karibu na mji wa Gettysburg tarehe 1 Julai 1863. Jenerali Lee, mkuu wa jeshi la kusini, alikuwa mtu wa adabu nyingi. Alitaka kilima kimoja kitwaliwe kabla adui hajakiimarisha. Akampelekea Jenerali Ewell maagizo ya kukitwaa kilima hicho kama akiona yawezekana, bali asianzishe vita kuu kabla vikosi vingine havijafika. Ewell alikuwa amezoea kutumika chini ya Jenerali Jackson, aliyekufa mwezi wa Mei mwaka ule ule, ambaye amri zake zilikuwa kavu na wazi. Basi Ewell alitazama, akaona haiwezekani, asishambulie. Usiku ule adui akakiimarisha kilima. Tarehe 3 Julai Lee akashindwa. Wanahistoria wabishana hata leo kama kilima kingeweza kutwaliwa. Lakini wengi husema kwamba Lee alitoa amri kwa maneno ya hiari, na Ewell aliitwaa hiari aliyopewa.

Mfano wa pili ni wa vita vya Korea. Mwezi wa Aprili 1951 askari wa Kiingereza walikuwa wakilinda mto Imjin, na jeshi kubwa la Kichina likawashambulia. Kikosi kimoja cha Gloucestershire kilizungukwa juu ya kilima. Husimuliwa kwamba Brigedia Brodie, mkuu wa Waingereza hao, alipoulizwa hali na mkubwa wake Mmarekani, alijibu kwamba mambo yalikuwa "a bit sticky". Maana ya kitabu ni kwamba mambo yananata kidogo. Mwingereza mwenzake angalielewa: "Tu katika hatari kuu." Lakini Mmarekani alisikia kwamba kuna ugumu kidogo tu, na kwamba Waingereza wanaweza kusimama. Amri ya kurudi nyuma haikutolewa mapema. Kikosi kile kilipigana kwa ushujaa mpaka tarehe 25, risasi zikawa chache. Wengi wakachukuliwa mateka, na wachache tu wakaponyoka. Neno lile halikuwa sababu ya pekee, maana katika vita sababu ni nyingi. Walakini lafundisha kwamba watu wawili waweza kusema lugha moja na bado wakawa mbali kama ng'ambo mbili za mto.

6. Kusudi na ahadi

Imebaki tofauti moja, nayo ni kubwa kuliko zote: tofauti kati ya kusudi na ahadi. Mwingereza akisema, "You must come to tea some time," ameonyesha moyo mwema, lakini hajaalika. Neno "must" humaanisha "sharti", na mgeni aweza kudhani kwamba ameshurutishwa aende. Lakini mwaliko wa kweli hutaja siku na saa. "I'll see" si ahadi. Pengine ni kukataa kwa upole. "I'll try" ni ahadi ya kujitahidi, si ya kufanikiwa. "I promise" ndiyo ahadi yenyewe.

Kwa sababu hiyo mwanafunzi asiwahesabu watu kuwa waongo kabla hajajua walisema nini. Tena ajichunguze yeye mwenyewe. Ulimi hauna mfupa. Ni rahisi kusema "I'll do it" kwa kutaka kumpendeza mtu, hali moyo haujaazimia kitu. Msikilizaji hakuuona moyo. Amesikia ahadi, naye atangoja. Wahenga walisema kwamba ahadi ni deni, nao Waingereza wa kale walilitwaa neno la deni wakalifanya kuwa neno la wakati ujao. Kumbe mataifa mawili yaliyokaa mbali sana yaliona jambo lile lile: anayetaja litakalokuwa amejifunga.

Wala si vema kuitaja kesho kana kwamba ni mali ya mtu. Mtume Yakobo aliwaonya wafanyi biashara waliopanga safari na faida za mwaka mzima bila kumkumbuka Mungu. Ndiyo sababu Waswahili huongeza, "Mungu akipenda." Waingereza wengi wa zamani nao waliandika katika barua zao herufi mbili, D.V., zilizo mwanzo wa maneno ya Kilatini yenye maana ile ile. Lakini neno hilo lisiwe kichaka cha kujifichia kwa mtu asiye na nia ya kutenda.

7. Mambo ya kushika

Kwanza, mwanafunzi asifasiri neno kwa neno. Na atafute nia ya msemaji.

Pili, na aangalie ni nani asemaye na mahali gani. Fikira ya mkubwa kazini yaweza kuwa amri; fikira ya rafiki njiani yaweza kuwa fikira tu.

Tatu, akiwa na shaka, na aulize kwa upole, "Shall I?" au "Do you mean today?" Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na heri kuuliza kuliko kujikwaa sikio.

Nne, jambo likiwa la hatari, upole wa maneno uwekwe kando. Nyumba ikiungua, au mgonjwa akizidiwa, na aseme wazi kabisa jambo lilivyo.

Tano, asiseme "I will" mpaka moyo wake umekwisha kusema "nitatenda".

Maswali

1. Kwa nini mgeni hushangaa mwenyeji wake akisema "Nakuja" huku akiondoka?
2. Eleza maana ya kale ya maneno "will" na "shall". Ni neno gani la Kiswahili linaloonyesha "taka" ndani ya wakati ujao?
3. Karani kijana alikosa nini, na mkubwa wake alikosa nini?
4. Jenerali Lee na Brigedia Brodie wafananaje katika maneno yao? Watofautianaje?
5. Andika kwa Kiswahili sentensi tatu zinazotaja kusudi moja: moja ya mtu aliyeamua sasa hivi, moja ya mtu aliyekusudia tangu jana, na moja ya mtu aliyekwisha kupatana na mwenziwe.
6. Eleza kwa maneno yako mwenyewe mithali hii: Ahadi ni deni.